Kichwa cha Barua Kilichofunga Ghala la Kamina

Niliondoka Kabongo asubuhi moja bila mpango wowote. Nilikuwa nimetumwa maji. Nikaona lori la mihogo limewashwa mbele ya soko, dereva anapiga honi, na nyuma juu ya magunia kuna nafasi. Nikaacha ndoo kwa mama mmoja aliyeuza chumvi, nikamwambia narudi sasa hivi. Sikurudi. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, shule nilikuwa nimeiacha katika mwaka wa tatu wa sekondari, na jambo moja tu nililijua kwa hakika: sipendi kuambiwa "iko vile" bila kuambiwa kwa nini.

Nyinyi mnaobaki kwenye chumba cha seva mmeniomba niwaandikie kumbukumbu za kazi kabla sijasahau. Nadhani mnataka maneno ya kuagana yenye sukari. Sina sukari. Wiki yangu ya mwisho nilimsikia mmoja wenu akimwambia mtunza stoo kwenye simu, "Mama, utakuwa umegusa kitu," kabla hata ya kumwomba asome kosa lililoandikwa kwenye kioo. Nilinyamaza, kwa sababu keki ya kuniaga ilikuwa mezani. Sasa sinyamazi. Nitawaandikia juu ya faili moja, la miaka ile nchi ilipoitwa Zaire, na juu ya mwanamke aliyefungiwa kwa ajili yake.

Lori liliniacha njiani, reli ikanichukua, nikashuka Bukama. Pale nilipakua samaki wakavu kwenye mashua, na mchana nilikaa kibarazani kwa fundi wa mashine za kuchapia. Hakuniajiri. Alichoka kunifukuza, basi. Siku ya kwanza niliichukua bisibisi nikaanza kufungua mashine iliyokwama, akanipiga mkononi.

"Weye, unafungua nini?"

"Imekwama."

"Mashini haikwamake yeye moya. Uliza kwanza nani aliishika."

Niliona ni maneno ya mtu mvivu. Ilinichukua miaka kadhaa na aibu moja kubwa kujua kwamba ni nusu ya kazi yetu yote.

Bukama nikaichoka, kama nilivyochoka kila mahali. Nilifika Kamina nikiwa mbeba mizigo wa stesheni, na siku moja tukashusha masanduku manne ya mbao yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Mwenye masanduku alikuwa fundi kutoka Lubumbashi, mwembamba, mkali, aliyeitwa Kalenga.

"Ile usigeuze," alinifokea. "Yulu njo yulu." Juu ibaki juu.

"Ndani kuko nini?"

"Ordinateri."

"Inafanyaka nini?"

"Inakumbuka."

"Inakumbuka nini?"

"Kile bantu banasahau. Beba."

Nikabeba mpaka ghala la dawa, kilomita moja hivi kutoka stesheni, na nilipoweka sanduku chini sikuondoka. Jina la ghala siliandiki; limekwisha kufa pamoja na mambo mengi ya wakati ule. Lilipeleka kwinini, penisilini na bandeji kwenye dispensari za mji, za Base, ile kambi kubwa ya jeshi, na za vijiji mpaka upande wa Bukama. Kalenga alikaa wiki mbili kuisimika mashine, kompyuta kwa lugha yenu: kabati moja lenye ukubwa wa friji ndogo, na vioo vinne vya maandishi ya kijani vilivyounganishwa nalo kwa nyaya. Alihitaji mtu wa kupitisha nyaya darini. Mimi nilikuwa mwembamba na nilikuwa na maswali.

Alinifundisha kwa hasira, na nilimpenda kwa hiyo. Alinifundisha kwamba mtu anapoandika jina lake na neno lake la siri, mashine haimpi kazi moja kwa moja. Kwanza inakwenda kusoma faili fulani, mstari kwa mstari, na kutii kila mstari. Ndipo inapojua programu ziko wapi, kioo ni cha aina gani, printa ni ipi. "Ni kama mulinzi wa asubui," alisema. "Anafungua madirisha, anawasha mota, njo bantu baingie. Kama mulinzi ameanguka kwa mulango, kila muntu anabakia inje." Faili hilo liliitwa profile. Lile la watu wote lilikaa kwenye folda ya etc, na aliyeruhusiwa kuliandika ni mmoja tu, yule mwenye neno la siri la mkuu wa mashine.

Alinionyesha na alama ya reli, hii: #. Ukiiweka mwanzoni mwa mstari, mashine inapita bila kuusoma; mstari ule ni wa macho ya watu tu. Akanifundisha kihariri kiitwacho ed, ambacho nyinyi mnakicheka. Hakichori chochote kwenye kioo. Unakiambia namba ya mstari, kinakuonyesha mstari huo. Ukikosea, kinakujibu alama ya kuuliza, basi. Wakati ule, katika ofisi zote nilizozijua, ndicho kitu pekee kilichokubali kwamba hakijaelewa.

Kalenga alipanda treni akaniachia kitabu cha fotokopi kisicho na jalada, cha Kiingereza. Nilikisoma kwa kamusi, neno kwa neno, na bado ninacho. Ghala likanibakiza, cheo changu kikiwa "msaidizi wa nyaya".

Mwendeshaji wa kweli wa mashine alikuwa Mama Zaina. Kwao ni Kongolo, ukoo wa wafanyabiashara Waislamu wa asili ya Maniema. Aliolewa na kaporali ambaye wakati huo alikuwa ametumwa mbali, akawa anaishi Base na watoto wake wawili. Alichapa bila kuangalia vidole. Namba ya kila dawa aliijua kwa kichwa, na mtu akija dirishani na karatasi ya daktari iliyoloa mvua, yeye aliisoma palipofutika. Mimi aliniita kwa jina la nilikotoka, nami nilimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Weye Kabongo, unakulaka vitabu? Acha ile, kuya kula bukari."

"Nakuya, yaya. Kuko neno moya sijue."

"Neno halishibishe. Kuya."

Halafu alikuwapo Shefu, mkuu wa ghala. Alikuwa amefanya mafunzo ya wiki tatu Kinshasa, cheti chake kimetundikwa chini ya picha ya Rais, na neno la siri la mkuu wa mashine alilitia kwenye bahasha, bahasha kwenye sanduku la chuma, ufunguo wa sanduku shingoni. Kalenga alimwomba ampe na Mama Zaina neno hilo, kwa usalama. Shefu alisema mwanamke hawezi kushika siri ya ghala. Tangu mashine ifike, alipiga marufuku karatasi za mkono: dawa haitoki bila karatasi ya printa.

Sasa nieleze mila moja ya ofisi zetu, maana nyinyi hamkuiishi. Kila karatasi, hata ya kitu gani, ilianza na kichwa: Jamhuri, chini yake mkoa, chini yake ofisi, chini yake namba ya kumbukumbu ndani ya mabano. Na kila karatasi iliisha na mahali ilipotolewa, cheo cha mkubwa, na sahihi. Mkaguzi mmoja alipita ghalani, akaokota mezani orodha ya bandeji isiyo na kichwa. Akaishika kwa vidole viwili kama panya.

"Citoyen Shefu, hii njo nini?"

"Ni listi tu, Citoyen Mkaguzi."

"Karatasi isiyo na kichwa wala sahihi, sisi tunaiitaka trakti."

Trakti, maana yake karatasi ya uchochezi. Watu walipotea kwa neno hilo. Shefu alitoka jasho mpaka kola ikabadilika rangi, na kuanzia siku ile kila kitu ghalani kilipata kichwa na sahihi. Hata zamu ya kufagia choo ilibandikwa mlangoni kwa jina la Jamhuri ya Zaire, na namba ya kumbukumbu.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili asubuhi, mota ya umeme iliwashwa, Mama Zaina akaandika jina lake na neno lake. Badala ya orodha ya dawa, kioo kikaandika hivi:

REPUBLIQUE: not found
REGION: not found
DEPOT: not found
/etc/profile: syntax error at line 4: `(' unexpected

Chini yake ikabaki alama ya dola peke yake. Aliita programu ya ghala. Mashine ikasema haiijui. Akajaribu kioo cha pili, cha tatu, cha nne. Vivyo hivyo.

"Kabongo," aliniita, sauti yake tulivu. "Ona. Inanitukana."

Niliketi. Faili la profile kila mtu aliruhusiwa kulisoma, ingawa si kuliandika, basi nikaiambia mashine inionyeshe. Hiki ndicho nilichokiona juu kabisa:

REPUBLIQUE DU ZAIRE
REGION DU SHABA
DEPOT DES MEDICAMENTS
N/REF. (DM/014)

Nililijua kosa kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Mtu alikuwa ameliwekea faili kichwa cha barua, kama zamu ya choo. Mashine inatii kila mstari. Iliposoma REPUBLIQUE ilidhani ni amri, ikaitafuta kati ya programu zake, haikuiona, ikasema hivyo, ikaendelea. Mkoa vilevile. Ghala vilevile. Ilipofika kwenye namba ya kumbukumbu, mabano yale yalivunja sarufi yake, ikatupa faili zima chini. Mlinzi wa asubuhi alianguka mlangoni. Yote mengine, njia za programu, kioo, printa, yalikuwa salama mistari michache chini yake, ila hakuna aliyewahi kuyafikia. Nikauliza tarehe ya faili. Lilikuwa limeandikwa Jumamosi saa tisa alasiri, na mkuu wa mashine. Ghala linafungwa Jumamosi saa sita. Saa tisa Mama Zaina alikuwa Base, anafua.

Nilipogeuka kusema, Shefu alikuwa amesimama nyuma yetu pamoja na ajida, mwanajeshi mstaafu aliyeongoza walinzi wa ghala. Nje kwenye dirisha wajumbe wa dispensari walikwisha kuanza kupiga kelele. Shefu alisoma kioo. Nilimwona. Aliyatambua maneno yake mwenyewe. Macho yalisimama kwenye DM/014 kama mtu aliyekutana na deni lake barabarani. Kwa sekunde tatu alikuwa mtu aliyefanya kosa la kijinga kwa nia njema, na angesema tu, tungecheka, tungefuta, dawa zingetoka. Sijawahi kumchukia kwa kosa. Ninamchukia kwa sekunde ya nne.

"Mama Zaina," alisema. "Jumamosi, nani alitoka wa mwisho kwa mashini?"

"Miye, Shefu. Saa sita. Ajida alinifungia mulango."

"Umeona? Wa mwisho. Ajida, huyu mwanamke amefanya sabotaji."

"Sabotaji gani?" Mama Zaina alisimama. "Miye siwezi kuandika mule. Funguo iko kwa shingo yako!"

"Anajibu! Soma pale, ajida. Inasema Jamhuri haiko. Nani anaandika vile kama haiko mwenye roho mubaya?"

Ajida hakujua Kiingereza, lakini alijua hatari. Akanitazama mimi, niliyekuwa bado nimekaa mbele ya kile kichwa cha barua, kidole changu karibu kiguse kioo.

"Na weye, mutu ya nyaya? Unaona nini?"

Nikasema, "Sijaona bado, mon adjudant."

Nimeandika programu katika lugha sita. Sijaandika mstari mbovu kuliko ule.

Walimfungia Mama Zaina kwenye kasho ya ghala, chumba cha matofali nyuma ya mota ambamo waliwekwa wezi wa katoni. Shefu alitangaza kwamba Alhamisi atampandisha treni ya Lubumbashi pamoja na ripoti, akapokewe huko na watu wa usalama. Sote tulijua maana yake. Tuliowajua waliopanda treni na ripoti ya namna ile, hatukupata barua zao.

Jumanne nilitumwa kuhesabu katoni mwisho wa ghala, mbali na vioo. "Usiguse mashini," Shefu alisema, "mpaka fundi atoke Lubumbashi." Hakumwita fundi yeyote: nilipita mbele ya simu mara tano sikumwona akiishika, wala telegramu haikutumwa. Dirishani watu walikuwa wameongezeka. Mjumbe wa dispensari moja ya kijijini aliyekuja kwa baiskeli alikaa chini akasema hatoki bila kwinini. Kwinini ilikuwa nyuma yangu, katoni arobaini, nikizihesabu upya kwa amri. Nilimwendea Shefu, nikamwambia tuandike karatasi za mkono kwa siku mbili tu. Akauliza kama zitakuwa na kichwa. Nikasema zitakuwa nacho. Akasema printa ndiyo sheria.

Saa sita wanawake watatu wa Base walileta sufuria ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwa mfungwa, mlinzi akawarudisha. Niliomba nipeleke mimi. Kasho ilikuwa na tundu la hewa karibu na paa, na moshi wa mota uliingia pale. Mama Zaina alikuwa amefunga kitambaa puani.

"Kabongo. Mashini inasema nini?"

"Naangalia, yaya."

"Unaangalia." Alikohoa. "Batoto bangu bako kwa jirani. Mukubwa ameanza kuuliza. Weye unajuaka kusoma ile kitu. Nani ataisoma kama haiko weye?"

Nikampa sombe, nikaondoka. Nilikuwa nikimwogopa Shefu, hilo kweli. Lakini niseme na jingine: niliogopa kurudi kubeba masanduku stesheni. Niliipenda mashine ile. Nilinyamaza ili nisitenganishwe nayo, wakati mtu aliyenilisha anavuta moshi. Mtu asikudanganye kwamba udadisi ni wema. Udadisi unaweza kukaa juu ya kosa siku mbili, unalitazama lilivyo zuri.

Jumatano asubuhi niliamka nikiwa nimejichukia vya kutosha. Sikwenda kwa Shefu. Nilikwenda kwa ajida, aliyekuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha lango.

"Mon adjudant, kwenu kambini, ghala la silaha likifunguliwa na bunduki haiko, munashika nani?"

"Mwenye funguo."

"Kama aliyefagia ghala ni mutu mwingine?"

"Aliyefagia hana funguo. Mwenye funguo njo anajibu. Unauliza nini, weye?"

Nikamweleza. Nilimweleza faili ni nini, ni nani awezaye kuliandika, na kwamba mashine inaweka saa ya kila alichoandika mtu. Alimaliza chai yote, akaweka kikombe chini ya kiti kwa uangalifu.

"Jumamosi saa tisa," alisema, "miye nilimufungulia Shefu mulango. Alisema amesahau kofia."

"Alitoka na kofia?"

"Aliingia nayo kichwani."

Tulimkuta Shefu mezani kwake. Ajida hakumpigia saluti kama kila siku, na nadhani hilo peke yake lilimwambia kila kitu. Alisema tu, "Shefu, toa ile funguo. Huyu anasema atafungua mashini mbele yangu. Akishindwa, Alhamisi nitapandisha bawili."

Ndivyo alivyosema, mbele yangu, bila ukali. Wawili. Niliketi.

Shefu alileta bahasha. Neno la siri lilikuwa tarehe yake ya kuzaliwa. Niliingia kama mkuu wa mashine, makosa yaleyale yakanimwagikia. Nikaita ed. Nikaiambia ionyeshe mstari wa kwanza mpaka wa nne, nikamsomea ajida kwa sauti, mmoja mmoja, nikimweleza mashine ilivyouelewa. Nikafuta minne yote. Nikahifadhi faili. Halafu, bila kutoka pale nilipoingia, nikaenda kioo cha pili kujaribu. Hili ninawasihi: msifunge kamwe mlango mlioingilia kabla ya kuona kwamba wa pili unafunguka. Nimewaona wenye shahada wakijifungia nje na ufunguo uko ndani.

Kioo cha pili kikaandika: FAIT: not found. Na chini yake, kosa la sarufi, mabano, mstari wa thelathini na moja.

"Umeona?" Shefu aliruka. "Bado! Nilisema nini? Ajida, huyu naye ni mumoja wao!"

Ajida alisimama. Nilisikia mkanda wake ukilia. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, hasira yangu ilipita woga wangu, ikaniletea akili.

"Shefu," nilisema, "barua yako inaishaka na nini?"

Alishika kola yake.

"Kichwa niliona. Miguu iko wapi?"

Nikarudi kwenye ed, nikaomba mistari ya mwisho. Ilikuwapo, imepangwa vizuri kama kwenye zamu ya choo: FAIT A KAMINA, yaani imetolewa Kamina, na chini yake LE CHEF DE DEPOT (SE), mkuu wa ghala. Cheo chake. Alama ya sahihi ndani ya mabano, kama mila inavyotaka. Sikutafsiri; Kifaransa ajida alikijua. Aliinama akakaribia kioo mpaka pumzi yake ikakitia ukungu, akasoma mara mbili, akamgeukia Shefu.

"Muvunjaji gani anatiaka sahihi?"

Nikafuta miwili ile. Kioo cha pili kikafunguka. Orodha ya dawa ikajipanga, kijani, kutoka aspirini kwenda chini, na printa upande wa pili wa chumba ikajiamsha kwa kishindo. Dirishani mtu akapiga kelele ya furaha. Ajida alikwisha kutoka na funguo za kasho.

Mama Zaina aliingia akiwa ananuka mafuta ya mota, macho mekundu. Hakumtazama Shefu. Aliketi kwenye kiti chake, akatoa karatasi za watu wote waliokuwa dirishani, sabini na kitu, mmoja mmoja, mpaka yule wa baiskeli akafunga katoni yake ya kwinini kwa kamba. Ndipo aliposimama, akachukua kitenge chake nyuma ya kiti, akasema hatarudi.

Shefu hakuadhibiwa. Ripoti ilisema "hitilafu ya mtengenezaji". Alasiri ileile aliniita, akaniamuru nirudishe kichwa na sahihi kwenye faili, kwa sababu mkaguzi angeweza kurudi. Nikavirudisha, na mbele ya kila mstari nikatia reli, kama Kalenga alivyonifundisha. Mashine ingepita, mkaguzi angesoma, kila mtu angelala. Shefu aliangalia kioo.

"Nani ametia uchafu mbele ya jina la Jamhuri?"

Nilimweleza kwa utulivu, mara moja. Akasema niitoe. Nikamwambia ataitoa mwenye funguo. Nikavaa viatu vyangu vya barabara.

Nilikwenda Base kumuaga Mama Zaina. Alikuwa anawaogesha watoto kwenye karai, mikono mpaka kwenye viwiko povu tupu. Nilianza maneno ya pole. Alinikatiza.

"Ajida ameniambia ulisoma ile kitu haraka. Ulisoma lini?"

Ningeweza kusema leo.

"Jumatatu, yaya. Kabla hawajakushika."

Alimsuuza mtoto kichwa, taratibu, akimfunika macho kwa kiganja ili sabuni isiingie.

"Jumatatu," alisema. "Unaenda wapi sasa?"

"Siyue."

"Unaenda Kongolo. Mama yangu amekwisha sikia kwa bantu ba treni kama nimefungwa. Hajasikia kama nimetoka. Miye sina mutu wa kutuma. Utaenda weye, utamwambia yote. Yote, Kabongo. Na Jumatatu pia."

Nikapanda treni ya kaskazini. Ilichukua siku ambazo sikuzihesabu, ikisimama porini bila sababu, na kila iliposimama nilijiambia ninaweza kushuka. Hakuna aliyekuwa ananingoja, hakuna aliyenijua. Niliwahi kuacha ndoo ya maji kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kongolo tulifika alasiri. Niliuliza nyumba ya Bibi Salima, wakanionyesha ua uliofagiwa, mlango wa bluu, vitenge vimetundikwa kwa kuuzwa.

Nilipiga hodi. Alitoka mwanamke mfupi, ushungi mweupe, tasbihi mkononi. Aliliona vumbi la treni juu yangu kabla ya kuniona mimi.

"Unatoka Kamina."

"Ndiyo, mama. Zaina ametoka kifungoni. Mzima. Nimemwacha na watoto wake."

Alishika mwimo wa mlango. Alisema Alhamdulillahi, mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi. Akaniketisha, akaniletea maji, akaniuliza ilikuwaje. Nikamwambia yote: faili, kichwa cha barua, moshi wa mota. Nilipofika kwenye Jumatatu, nilisema na Jumatatu. Alizihesabu siku kwa tasbihi yake, nikiona.

"Siku mbili," alisema. "Ulijua, ukaogopa."

"Niliogopa."

Jikoni kulinuka wali na samaki wa Lualaba. Tangu juzi nilikuwa nimekula ndizi moja. Alisimama, akatoa mkeka nyuma ya mlango, akanitangulia mpaka chumba cha uani, kisafi, chenye dirisha na kitanda cha kamba. Akautandika mkeka juu yake kwa mikono yake mwenyewe, akaunyoosha pembe zote nne.

"Mgeni halali nje kwangu," alisema. "Leo utalala. Kesho utakula."

Akavuta mlango. Nikajilaza na njaa yangu, na sikuona kosa lolote katika amri ile.